Nauru: Kisiwa kilichouza udongo wake

Ungekuwa na bodaboda kule Nauru, ungezunguka nchi nzima kwa nusu saa hivi. Barabara ya kuzunguka kisiwa ni kama kilomita 19, fupi kuliko safari yako ya kutoka jijini Nairobi hadi Juja. Watu ni kama 12,000, katikati ya Bahari ya Pasifiki.

Lakini usiwadharau. Kuna wakati hawa walikuwa masonko kwelikweli.

Siri ilikuwa fosfeti, madini ya kutengeneza mbolea. Wageni walianza kuyachimba mwanzoni mwa karne iliyopita, na kwa miaka mingi Australia, Uingereza na New Zealand zikayachukua kwa bei ya kutupa. Mnamo 1964 Australia iliwaambia wenyeji wahamie kisiwa cha Curtis, pwani ya Queensland, maana kwao kulikuwa kunakwisha. Wakakataa. Wangehamaje na kuacha kuwa taifa?

Uhuru ukaja 1968, na miaka miwili baadaye migodi ikawa yao. Hapo ndipo hela zilimwagika! Matibabu bure, shule bure, kodi ya mapato hakuna. Serikali ikanunua ndege za Boeing na kujenga jumba la ghorofa 52 mjini Melbourne. Mwaka wa 1993 hata ilifadhili tamthilia ya muziki kuhusu Leonardo da Vinci huko London. Ikaanguka vibaya. (Nani alishauri hilo, jamani?)

Fosfeti ikapungua, madeni yakapanda. Jumba la Melbourne liliuzwa 2004, na mwaka uliofuata wadai wakaitwaa ndege ya mwisho.

Ni rahisi kuwacheka. Ila kumbuka wageni walichimba miaka sitini kabla yao, na Nauru ilipoishtaki Australia katika mahakama ya kimataifa, kesi iliishia kwa Australia kukubali 1993 kulipa dola zake milioni 107.

Leo nchi hiyo inaishi kwa leseni za uvuvi wa jodari na malipo ya Australia kwa kuwashikilia waomba hifadhi. Tangu 2025 inauza pia uraia; mwaka huo bei ilianzia dola 105,000 za Marekani. Pesa hizo ni za kuwahamisha watu kutoka ufuoni, bahari inakopanda, hadi nyanda za juu, palepale palipochimbwa hadi pakabaki miamba mitupu iliyochongoka.