Adabu za Kuingia Maji ya Baridi kwa Pamoja

Kurasa hizi aghalabu huwa za harusi, za watoto waliofaulu mitihani na za wazee waliotutangulia. Mara hii nimeombwa niandike juu ya jambo ambalo miaka michache nyuma lingetuchekesha: watu wetu wa hapa Portsmouth, wake kwa waume, wanaokwenda pwani ya Southsea asubuhi ya Jumapili, katikati ya baridi kali, wakaingia baharini kwa hiari yao. Wapo wanaosema huwapunguzia maumivu ya viungo, na wapo wanaosema huwaondoshea huzuni. Sina ugomvi nao. Ninachokitaka ni kwamba wakubaliane kabla ya kwenda, kwani maji haya hayana masihara.

Kijana aliyekulia Unguja, akijirusha kichwa chini kutoka ukuta wa Forodhani, alijirusha katika maji ambayo hata mwezi wa Agosti huwa na joto la nyuzi 25 hivi. Southsea mwezi wa Februari ni nyuzi 7 au 8. Hapa Uingereza maji yaliyo chini ya nyuzi 15 tayari huhesabiwa kuwa ni ya hatari. Ngozi inapopoa ghafla mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila ya kutaka, kisha hutweta upesi upesi, moyo ukaenda mbio na presha ikapanda. Ikiwa kichwa kimo majini wakati wa pumzi ile ya kwanza, atakachokivuta si hewa. Profesa Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha hapa hapa Portsmouth ameyachunguza mambo haya kwa miaka mingi, na mafunzo yake ni kwamba mtu asiuogope ubaridi wa mifupa tu. Mshtuko wa dakika za mwanzo ndio unaotangulia kuua. Hutulia baada ya dakika moja mpaka tatu. Kwa hivyo hapana kuruka wala kupiga mbizi. Ingia kwa miguu, umevaa viatu vya maji kwa sababu ya changarawe, simama mpaka pumzi irudi mahali pake, ndipo uogelee, sambamba na ufuo, si kuelekea Isle of Wight. Na meli kubwa ikipita, usiseme imekwisha pita. Mawimbi yake huja nyuma.

Mwili hujifunza. Mara tano au sita za kuingia dakika chache hupunguza mshtuko ule kwa kiasi kikubwa. Waingereza wenyewe wanalijua hilo. Klabu ya Serpentine ya Hyde Park, iliyoundwa mwaka 1864, hufanya mashindano ya yadi 100 kila asubuhi ya Krismasi, na tangu 1904 mshindi hupewa Kombe la Peter Pan, ambalo la kwanza lilitolewa na J. M. Barrie. Lakini mgeni haruhusiwi kuingia siku hiyo. Ni wanachama tu, ambao miili yao imeshazoea. Sasa vipi sisi tumchukue binamu aliyeshuka juzi kutoka Muscat tumtie majini siku moja na waliozoea?

Kuhusu muda, nasikia kanuni ya dakika moja kwa kila nyuzi ya joto la maji. Siiamini. Mwembamba hupoa upesi kuliko mnene, na aliyekesha hayuko sawa na aliyelala. Anayeanza zitamtosha dakika mbili.

Mwenye maradhi ya moyo, presha au pumu, na mama mja mzito, waulize daktari kwanza. Na kiongozi wa kundi awaulize watu faraghani, si mbele ya hadhara, maana mtu mzima huona haya akasema hana kitu.

Hapa ndipo penye uzito. Kila kundi liwe na mlinzi wa zamu, asiyeingia majini, mwenye simu mkononi na anayejua kupiga 999 na kuomba walinzi wa pwani. Ahesabu watu wanaoingia na wanaotoka. Mara nyingi mlinzi huyo ni kijana, na adabu yetu haimruhusu kijana kumwamrisha mzee wake. Mzee aliyepoa naye hajijui. Ulimi unakuwa mzito, vidole havifungi, na ukimuuliza anasema yu salama. Nilimshuhudia mmoja akisema hivyo huku ameshindwa kushika taulo lake.

Vijana wetu wamelipatia ufumbuzi ninaoupenda. Kila baada ya dakika moja mlinzi hupaza sauti, "Shikamoo, baba!" au "Shikamoo, shangazi!" "Marahaba" ikija haraka na wazi, vema. Ikichelewa, au ikija imekatika, huyo anatoka, na tumekubaliana kuwa mkubwa aliyesalimiwa mara ya pili hana tena hoja. Haulizwi mtu kwa nini ametoka mapema, wala hachekwi. Anayemsukuma mwenziwe, hata kwa mzaha, asije tena.

Baada ya kutoka, kazi haijesha. Joto la ndani ya mwili huendelea kushuka kwa muda, na mtetemo mkubwa huja mtu keshavaa. Kwa hivyo asijitie mara moja katika maji ya moto, anaweza kuzimia. Vua nguo mbichi, jikaushe, vaa kuanzia kifuani, kofia ya sufi kichwani, kisha chai ya tangawizi kutoka katika chupa, kidogo kidogo. Asiendeshe gari mpaka mtetemo uishe.

Juu ya stara, kikoi kwa wanaume na kanga mbili kwa wanawake zinatosha kubadilishia nguo, na zinafanya kazi nzuri kuliko yale majoho ya bei kubwa. Kinamama wamechagua saa yao, saa moja na nusu asubuhi, na mlinzi wao ni mwanamke. Picha hazipigwi bila ya ruhusa ya kila aliyemo ndani yake, na iliyopigwa haipelekwi kwa jamaa wa Dubai wala Dar es Salaam kabla ya mwenyewe kuiona. Na tunapoegesha magari tuzungumze taratibu, majirani wangali wamelala.