Somo la Hesabu: Kuzijaribu Namba Kubwa

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosemwa katika redio. Yamepigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji. Mwalimu wa kikundi awe na ubao na chaki.)

Natumaini kila kikundi kimekwisha kaa na chaki iko tayari. Leo tutazungumza habari za namba kubwa, na jinsi ya kujua kama namba inagawanyika kwa namba nyingine pasipo kuigawanya. Lakini kwanza nitawasimulia kosa langu mwenyewe, maana somo hili limetoka katika kosa hilo.

Siku moja nilikwenda kutazama darasa la watu wazima katika kijiji cha wakulima wa pamba. Masomo yalipokwisha, mzee mmoja alinifuata nje, karatasi mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha akasema, "Stakabadhi hii nimepewa ghalani. Pamba yangu ni kilo 467, bei ni shilingi 1,150 kwa kilo, na jumla wameandika shilingi 530,750. Wewe ni mtu wa Elimu. Niambie, haki yangu nimeipata?"

Nilikuwa na haraka, gari likiningoja. Nikaijaribu hesabu ile kwa tisa, kama nitakavyowaonyesha sasa hivi, nayo ikakubali. Nikamwambia, "Ni sawa, mzee." Akashukuru, akaenda zake. Kumbe haikuwa sawa. Mzee yule alikuwa amepungukiwa shilingi 6,300, na mimi nilikuwa nimemwambia atulie. Iandikeni stakabadhi hiyo pembeni mwa ubao. Tutairudia.

TARAKIMU ZA MWISHO

Tuanze na yaliyo mepesi. Tarakimu ni zile alama tunazoandikia namba, toka 0 mpaka 9. Namba ikiishia na 0, 2, 4, 6 au 8, hugawanyika kwa 2. Ikiishia na 0 au 5, hugawanyika kwa 5. Hayo wengi wenu mnayajua. Lakini sababu yake ni nini?

Sababu ni kwamba kila kumi moja hugawanyika kwa 2 na kwa 5 bila baki. Mia ni makumi, na elfu ni makumi, basi nazo hugawanyika vilevile. Kwa hiyo hata namba ikiwa ndefu namna gani, sehemu yake yote iliyo kushoto haina shaka. Inayobaki kuulizwa ni tarakimu ya mwisho peke yake.

Kwa 4 mambo ni mbali kidogo. Kumi haigawanyiki kwa 4, hubaki 2. Lakini mia hugawanyika, maana 4 mara 25 ni 100. Basi kwa 4 tunatazama tarakimu mbili za mwisho. Namba 53,916 hugawanyika kwa 4 kwa sababu 16 hugawanyika. Namba 53,918 haigawanyiki, maana 18 hubakiza 2. Kwa 8 tunatazama tarakimu tatu, kwa kuwa 8 mara 125 ni 1,000.

Kipimo hiki cha 4 mnakitumia katika kalenda. Mwaka wenye Februari ya siku 29 ni mwaka unaogawanyika kwa 4, kama 2024. Lakini mwaka wa mia kamili sharti ugawanyike kwa 400. Ndiyo maana mwaka 1900 haukuwa na tarehe 29 Februari, mwaka 2000 ulikuwa nayo, na mwaka 2100 hautakuwa nayo.

KWA NINI TISA?

Sasa tufike kwa 9. Hapa tarakimu ya mwisho haitusaidii: 19 na 29 zinaishia na 9, na hata moja haigawanyiki kwa 9. Kanuni yake ni hii: jumlisha tarakimu zote za namba. Jumla ikigawanyika kwa 9, namba nayo hugawanyika.

Watu wengi hufundishwa kanuni hii kama dawa ya mganga, wala hawaambiwi mti uliotoka. Basi chukueni punje 10 za mahindi, mzipange mafungu ya tisa tisa. Litatoka fungu moja, na itabaki punje 1. Punje 100 hutoa mafungu 11, hubaki punje 1. Punje 1,000 hutoa mafungu 111, hubaki tena punje 1. Kila kumi, kila mia, kila elfu, hubakiza punje moja tu.

Tuchukue namba 7,452. Elfu saba zitabakiza punje 7. Mia nne zitabakiza 4. Makumi matano yatabakiza 5. Na zile mbili za mwisho ni 2. Zikusanyeni punje zilizobaki: 7 na 4 na 5 na 2, jumla 18. Hizo ni mafungu mawili kamili ya tisa. Hakuna kilichobaki, basi 7,452 hugawanyika kwa 9. Gawanyeni mkitaka kuhakikisha, mtapata 828.

Kanuni ya 3 ni hiyo hiyo, kwa kuwa kila fungu la tisa ni mafungu matatu ya tatu tatu. Namba 7,455 ina jumla ya 21. Kwa 3 hugawanyika, lakini kwa 9 haigawanyiki, hubaki 3.

Sasa namba kubwa kweli. Andikeni 417,285,603,972. Nani anataka kuigawanya hiyo kwa 9 kwa chaki? Jumlisheni: 4 na 1 na 7 ni 12. Ongezeni 2 na 8 na 5, ni 27. Ongezeni 6 na 0 na 3, ni 36. Ongezeni 9 na 7 na 2, ni 54. Hamsini na nne hugawanyika kwa 9. Imekwisha. Tarakimu mbili za mwisho ni 72, kwa hiyo hugawanyika kwa 4 pia. Na kwa kuwa 4 na 9 hazina kigawanyo kimoja cha pamoja ila 1, twaweza kusema pasipo hofu kwamba inagawanyika kwa 36.

Angalieni sharti hilo la mwisho, maana wanafunzi wengi hukosea hapo. Namba 18 hugawanyika kwa 2, tena hugawanyika kwa 6, lakini haigawanyiki kwa 12, ijapokuwa 2 mara 6 ni 12. Kosa liko wapi? Ndani ya 6 imo 2 tayari, nasi tumeihesabu mara mbili. Atakaye kujaribu kwa 12 atumie 3 na 4.

Elimu hii si ya jana. Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, aliandika risala fupi yenye kueleza jinsi ya kupata kanuni kama hizi kwa namba yoyote, nayo ilitolewa mwaka 1665. Njia yake ni ile ile ya punje: tazama kumi inabakiza nini, mia inabakiza nini, elfu inabakiza nini.

KUIJARIBU HESABU YA KUZIDISHA

Haya, rudini pembeni mwa ubao. Kilo 467 kwa shilingi 1,150. Tunataka kuijaribu jumla pasipo kuzidisha namba zote.

Tafuteni baki la kila namba kwa tisa. Tarakimu za 467 zina jumla ya 17. Jumlisheni tena, 1 na 7 ni 8. Tarakimu za 1,150 zina jumla ya 7. Zidisheni mabaki hayo: 8 mara 7 ni 56. Tano na 6 ni 11. Moja na 1 ni 2. Kwa hiyo jibu la kweli, likiwa limezidishwa sawasawa, lazima libakize 2.

Sasa jibu la stakabadhi: 530,750. Tano na 3 na 0 na 7 na 5 na 0 ni 20. Mbili na 0 ni 2. Limekubali! Hapo ndipo nilipomwambia mzee, "Ni sawa."

Asubuhi yake mzee alinijia. Alikuwa amekaa na taa usiku akizidisha kwa njia yake mwenyewe, kidogo kidogo. Kilo 400 alipata shilingi 460,000. Kilo 60 alipata 69,000. Kilo 7 alipata 8,050. Alipojumlisha akapata shilingi 537,050. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ni mimi niliyekosea, au ni wewe?"

Nilizidisha palepale. Nilikuwa ni mimi. Tukaenda pamoja ghalani, karani akafungua daftari lake, na humo mlikuwa mmeandikwa 537,050. Alipoinakili namba hiyo kwenye stakabadhi, tarakimu mbili zilibadilishana mahali: badala ya 7 na 0 aliandika 0 na 7. Na malipo yalitolewa kwa kuifuata stakabadhi. Mzee akalipwa zile shilingi 6,300 zilizopungua.

Bila shaka mmekwisha kuona sababu ya kudanganyika kwangu. Kipimo cha tisa hujumlisha tarakimu tu. Hakiulizi ipi imekaa wapi. Ukizipangua utakavyo, jumla ni ile ile. Kwa hiyo kipimo kikikataa, hesabu ni mbovu hakika. Lakini kikikubali, usiseme "ni sawa." Sema "sijaona kosa." Maneno hayo mawili si mamoja, na tofauti yake kwa mzee yule ilikuwa shilingi 6,300.

Hata hivyo makarani wenye busara huugeuza udhaifu huo kuwa faida. Tarakimu mbili zikibadilishana mahali, tofauti ya namba ile na ile hugawanyika kwa 9 siku zote. Jaribuni: 6 na 3 na 0 na 0 ni 9. Basi wewe mweka hazina wa chama, ukiona fedha za daftari na fedha za sanduku hazilingani, na tofauti yake inagawanyika kwa 9, usianze kumshuku mtu. Kwanza tafuta mahali ambapo tarakimu zimebadilishana.

KIPIMO CHA KUMI NA MOJA

Kipo kipimo kinacholitambua kosa hilo, nacho ni cha 11. Kumi imepungukiwa 1 kufikia 11. Mia ni 99 na 1 zaidi. Elfu imepungukiwa 1 kufikia 1,001, ambayo ni 11 mara 91. Yaani moja hupungua, moja huzidi, moja hupungua, moja huzidi. Kwa hiyo anzeni kulia, jumlisheni tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea. Kisha jumlisheni ya pili, ya nne, ya sita. Toeni jumla ya pili katika ya kwanza. Ya kwanza isipotosha, iongezeni 11 mpaka itoshe.

Namba 467: 7 na 4 ni 11, toa 6, hubaki 5. Namba 1,150: 0 na 1 ni 1, 5 na 1 ni 6. Moja haitoshi kutoa 6, ongezeni 11, ni 12. Toa 6, hubaki 6. Tano mara 6 ni 30, na 30 ukiigawanya kwa 11 hubaki 8. Basi jibu la kweli lazima libakize 8.

Jibu la stakabadhi, 530,750: 0 na 7 na 3 ni 10, 5 na 0 na 5 ni 10. Hubaki 0. Si 8! Limekataa. Sasa jibu la mzee, 537,050: 0 na 0 na 3 ni 3; 5 na 7 na 5 ni 17. Ongezeni 11 mara mbili juu ya 3, ni 25. Toa 17, hubaki 8. Limekubali.

Tarakimu mbili tofauti zilizo jirani zikibadilishana, kipimo cha 11 hukataa kila mara. Lakini nacho kina mpaka wake. Jibu lililokosewa kwa 99 au 990 litavipita vipimo vyote viwili. Fedha ya mtu ikiwa mezani, jaribu kwa tisa, jaribu kwa kumi na moja, kisha zidisha upya kwa njia nyingine, kama alivyofanya mzee yule kwa taa yake.

MAZOEZI

1. Je, 86,346 hugawanyika kwa 9? Kwa 4? Kwa 6?

2. Mtu amesema 358 mara 274 ni 98,902. Mjaribuni kwa 9, kisha kwa 11.

3. Daftari la chama limetofautiana na sanduku kwa shilingi 450. Mtatafuta kosa gani kwanza?

Majibu: (1) Kwa 9 ndiyo, kwa 4 hapana, kwa 6 ndiyo. (2) Kwa 9 hukubali, kwa 11 hukataa. Jibu la kweli ni 98,092. (3) Tarakimu zilizobadilishana mahali, kwa kuwa 450 hugawanyika kwa 9.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja atafute stakabadhi moja ya nyumbani kwake, aijaribu kwa vipimo hivi viwili, kisha aje nayo kikundini. Kwaherini.