Kalamu ya Katale

Kipima mitetemo cha zamani hakina siri kwa fundi anayekifungua. Ndani mna uzito unaoning'inia kwenye springi, koili ya waya na sumaku. Ardhi ikitikisika, sanduku husogea na uzito hubaki nyuma. Koili ikipishana na sumaku huzaa umeme mdogo, umeme hukuzwa, na kalamu huchora kwenye karatasi iliyozungushiwa silinda.

Volkano ya Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, kilikuwa na vipima mitetemo viwili tu vilivyofanya kazi: kimoja Bulengo, kando ya Ziwa Kivu, kingine Katale, huko Rutshuru. Vyote vilikuwa vya analogi. Havikuwa viziwi: mitetemo ilionekana kuongezeka kabla ya mlipuko. Kilichokosekana ni kituo cha tatu. Wimbi la kwanza la tetemeko hulitangulia la pili, na kila sekunde ya tofauti ni takriban kilomita 8 za umbali. Kituo kimoja basi hutoa duara kwenye ramani. Maduara mawili hukatana mahali pawili, na ni la tatu linaloamua mtetemo umetoka mlima gani. Na muda wa wimbi kufika unapolinganishwa kati ya vituo, saa zake lazima zikubaliane: wimbi la kwanza hukimbia kama kilomita 6 kwa sekunde, kwa hiyo saa iliyochelewa sekunde moja hulihamisha tetemeko hadi kijiji cha pili.

Kwa kazi hiyo chombo kipya, cha kidijitali, kinashinda bila ubishi. Saa yake hurekebishwa na setilaiti. Kalamu hupoteza mtetemo mdogo ndani ya unene wa wino na hugonga ukingo wa karatasi mtetemo unapokuwa mkubwa, lakini kinasa cha biti 24 kina ngazi 16,777,216 za kupimia. Kuna pia mitikisiko ya polepole, ya makumi ya sekunde, ambayo springi fupi haiisikii kabisa. Mtandao wa vipima mitetemo vya aina hii, KivuSNet, ulijengwa kuzunguka milima ya Virunga katika miaka ya 2010. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitoa dalili ya dakika kama 40 tu, lakini katika siku zilizofuata data za mtandao huo zilionyesha magma ikipenya chini ya jiji la Goma hadi chini ya ziwa.

Ila upya una gharama zake. Miezi kadhaa kabla ya mlipuko wa 2021 fedha za mradi uliokuwa ukiisaidia OVG ziliisha, intaneti yake ikakatika, na data za vituo vya mbali hazikufika. Chombo cha zamani kikizimika, multimita huonyesha koili iliyokatika, na kapasita iliyokauka hubadilishwa kwa solda mezani. Kipya kina vipuri vidogo kama punje za ulezi na programu ambayo fundi wa Goma hawezi kuifungua. Mara nyingi husafirishwa ng'ambo kutengenezwa. Wezi wa betri na paneli za jua, kwa upande wao, hawachagui kati ya chombo kipya na cha zamani.

Katika chombo cha zamani kinachochakaa mapema zaidi ni kinasa: injini, kalamu, saa. Springi na sumaku, yaani kihisi, hudumu miongo. Njia ya nafuu basi ni kuacha kihisi cha zamani ardhini na kukiunganisha na kinasa cha kidijitali. Pale ambapo kihisi chenyewe kinabadilishwa, cha zamani na kipya huachwa vikipima pamoja kwa miezi kadhaa, ili michoro ya miaka iliyopita iendelee kulinganishwa na ya leo.