Uzi: Marufuku ya kukata miti inamgusa nani huku Marungu?

Juzi redioni watu wawili walibishana karibu nusu saa. Mmoja anataka marufuku ya kukata miti irudi, mwingine anasema iliua kazi za watu. Mimi nilikuwa nyumbani Marungu, nikajiuliza: hawa wanaongea kuhusu miti gani? Maana ya huku kwetu hawakuitaja hata mara moja. Nasoma sayansi ya siasa, kwa hivyo wacha nijaribu kuitenganisha hii stori.

Marufuku ilitangazwa Februari 2018, kwanza kwa siku 90, kwenye misitu ya umma na ya jamii. Ikaongezwa, ikaongezwa tena, ikadumu zaidi ya miaka mitano. Julai 2023 ikatangazwa kwamba imeondolewa, na mwaka huohuo suala likafika mahakamani. Waliotaka iondolewe walikuwa wanatetea hasa miti ya kupandwa, ile ya viwanda vya mbao: misonobari, mikaratusi na wenzake. Huo ni mjadala halali. Mti uliopandwa ili ukatwe, ukikomaa ukaachwa uoze, ni hasara kweli. Lakini aliyesema milima ina shida pia hakukosea. Kule juu Taita, misitu ya asili kama Ngangao na Mbololo imebaki vipande vipande katikati ya mashamba na miti ya kigeni.

Sasa shuka huku chini. Marungu ni nyika, migunga na miiba, na ardhi kubwa ni ya ranchi. Si msitu wa umma. Mgunga ukianguka ndani ya ranchi, hilo tangazo la 2018 halikuwa linauzungumzia.

Na unaanguka kwa sababu ya makaa.

Mchomaji hakati chochote tu. Anatafuta mti mgumu, mkubwa, kwa sababu makaa yake ni mazito na yanadumu jikoni. Ndio maana ukipita na basi hapo Maungu unaona bado kuna kijani, unafikiri mambo ni sawa. Kilichobaki ni vichaka. Tena tanuri la udongo linakula sana: kilo 6 hadi 10 za kuni ndizo zinatoa kilo moja ya makaa. Gunia moja unaloona kando ya barabara lilikuwa rundo la mti.

Mtu akisema "wakamatwe wote", nakumbuka mjomba wangu. Mahindi yalikauka misimu mfululizo, na kile kidogo kilichoota ndovu wakakimaliza. (Mbuga za Tsavo zinachukua takribani asilimia 62 ya kaunti hii, kwa hivyo ndovu si wageni shambani.) Akachoma makaa. Akakamatwa na magunia mawili juu ya boda, akalala ndani. Anasema usiku huohuo alisikia malori yakipita barabarani, na hakuna aliyejua yamebeba nini. Baadaye niliulizia gunia kama lile Kongowea, bei ilikuwa karibu mara mbili ya aliyokuwa akilipwa yeye. Nani hasa anafaidika hapo? Si yeye.

Watu wengi hawajui kwamba kuchoma makaa kwenyewe si kosa. Kanuni za mwaka 2009 zilitaka wachomaji wawe kwenye chama kilichosajiliwa, wawe na leseni, na anayesafirisha awe na kibali cha KFS. Kwenye karatasi ni safi. Lakini kwa mtu aliye kilomita nyingi kutoka ofisi yoyote, anayehitaji unga leo jioni, hizo karatasi ni safari na nauli. Marufuku ya 2018 ilipoanza kuuma, bei ya makaa mijini ilipanda. Bei ikipanda mjini, tanuri linawashwa nyika.

Kuna ukataji mwingine ambao siuonei huruma: msandali. Mafuta yake ya manukato yako kwenye kiini na mizizi, kwa hivyo mwizi hakati, anang'oa. Hakubaki kisiki cha kuchipua. Tena msandali una mti dume na mti jike mbalimbali, ukimaliza wa aina moja eneo fulani, mbegu zimeisha. Kenya iliupiga marufuku mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukaingizwa kwenye orodha ya CITES ya biashara inayodhibitiwa kimataifa. Huo hauuzwi Kongowea kupikia chai. Unavushwa mipaka, na wa kuuvusha lazima awe na pesa na lori.

"Lakini si kuna pesa za kaboni?" Ndiyo. Mradi wa Kasigau Corridor, ulioanzia Rukinga hapa jirani, ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake kutoa hati za kaboni chini ya viwango vya VCS, mwaka 2011. Unalipwa kwa mti kubaki umesimama. Kuna waliosomeshwa kwa basari zake, na mimi siwezi kudharau hilo. Ila mwenye hisa za ranchi na kijana asiye na hisa wala mshahara hawaioni hiyo pesa kwa namna moja, na anayeshika shoka mara nyingi ni huyo wa pili.

Mwisho, ile ya asilimia. Katiba, Kifungu cha 69, inataka angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilitoa namba mbili: miti asilimia 12.13, misitu asilimia 8.83. Mmoja anasimama jukwaani na ya kwanza kusema tumeshapita, mwingine na ya pili kusema tumefeli. Wote wana karatasi mkononi. Ukiwasikia, muulize ni ya miti au ya misitu.

Mjomba siku hizi ana mbuzi watano na kesi imeisha. Fidia ya ndovu nitaiandikia uzi wake, mmeniuliza sana inbox.