Datsun Yangu Imekuwa Pikapu

Ribiti mbili tu ndizo zinazoshikilia bodi ya Datsun yangu, stesheni wagoni ya Hot Wheels inayoenea kiganjani, takriban 1/64 ya gari halisi. Nazitoboa vichwa kwa keekee, bodi inaachana na chesesi. Kisha nakata paa nyuma ya mlango kwa msumeno mwembamba, polepole, maana hili si bati: ni zinki iliyochanganywa na alumini, ikamiminwa kwenye kalibu. Ukiilazimisha kupinda, inavunjika. Ya kwanza niliivunja nguzo ya kioo, nikanuna siku nzima.

Ukuta wa nyuma ya viti nauchonga kutoka kadi ya benki iliyokwisha muda. Gundi, fila, msasa. Rangi? Hiyo kazi ndogo. Binti yangu ameshapakia punje tatu za maharage.