Utunzaji wa kwato za punda

Utunzaji wa kwato za punda ni kazi ya kusafisha, kukagua na kupunguza kwato za punda ili mnyama aweze kusimama, kutembea na kufanya kazi bila maumivu. Kazi hii huenda pamoja na matunzo mengine ya kila siku: chakula, maji, mahali pakavu pa kulala na mizigo isiyozidi nguvu zake. Katika Afrika ya Mashariki punda hubeba maji, kuni, mazao na vifaa vya ujenzi, hasa mahali ambapo gari halifiki au gharama yake haimudiki. Punda anayechechemea husimamisha kazi za nyumba nzima, na mara nyingi chanzo chake ni tatizo la ukwato ambalo lingezuilika kwa dakika chache za usafi kila siku.

Asili ya ukwato wa punda

Punda wa kufugwa (Equus asinus) ametokana na punda-mwitu wa Afrika, anayeishi katika nchi kavu zenye mawe za Pembe ya Afrika. Alianza kufugwa kaskazini-mashariki mwa Afrika zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Mababu zake walitembea mwendo mrefu kila siku wakitafuta majani na maji. Mawe na changarawe vilisaga kwato zao kwa kadiri ile ile zilivyokuwa zikikua, na hali ya ukavu ilizifanya ziwe ngumu.

Jambo hili linaeleza karibu matatizo yote ya kwato za punda wa leo. Punda akihamishiwa kwenye mchanga laini, matope, au zizi lenye mkojo na kinyesi, ukwato hukua bila kusagika na hunyonya unyevu mwingi. Kazi iliyofanywa na mawe na jua sasa lazima ifanywe na mtu.

Muundo wa ukwato

Kila mguu wa punda una kidole kimoja tu, na ukwato ni ganda gumu linalokifunika kidole hicho. Ganda hilo limetengenezwa kwa keratini, dutu ile ile ya kucha na nywele za binadamu. Sehemu zake kuu ni hizi:

- Ukuta wa ukwato: sehemu ngumu ya nje inayoonekana mnyama akiwa amesimama. Huanzia mahali nywele za mguu zinapokomea na hukua kwenda chini. Hauna mishipa ya fahamu, kwa hiyo kuukata hakuumizi, kama vile kukata ncha ya kucha.
- Wayo: sehemu ya chini iliyobonyea kidogo. Hulinda mfupa ulio ndani.
- Mto wa ukwato: sehemu ya pembetatu upande wa kisigino, laini kama mpira. Hupunguza mshindo wa hatua.
- Mstari mweupe: ukanda mwembamba unaounganisha ukuta na wayo. Ni sehemu dhaifu ambayo uchafu na vijidudu hupenyea.

Ndani ya ganda kuna mfupa wa mwisho wa kidole, mishipa ya damu na tabaka za nyama zinazoushikilia mfupa kwenye ukuta. Kwa kuwa ganda halitanuki, hata uvimbe mdogo wa ndani huleta maumivu makali.

Ukuta hukua kwa milimita 6 hadi 10 hivi kwa mwezi. Kwa hiyo ukwato huchukua karibu mwaka mzima kukua upya kutoka juu hadi ncha ya mbele, na ufa ulioanzia juu huonekana kwa miezi mingi kabla ya kuisha.

Tofauti na farasi

Ukwato wa punda ni mdogo, mwembamba na umesimama wima zaidi kuliko wa farasi. Fundi aliyezoea farasi anaweza kuharibu mguu wa punda akijaribu kuupa mlalo wa ukwato wa farasi. Pia ukwato wa punda hunyonya maji kwa urahisi zaidi, na kwa sababu hiyo huoza upesi penye unyevu.

Farasi wanaofanya kazi kwenye barabara za lami au mawe mara nyingi huvishwa viatu vya chuma vinavyopigiliwa misumari kwenye ukuta, na hubadilishwa kila baada ya wiki 6 hadi 8 hivi. Punda wengi wa Afrika ya Mashariki hawavishwi viatu, na hawavihitaji iwapo kwato zao zinapunguzwa vizuri.

Wapo hata hivyo farasi wanaofanana na punda kwa tabia ya mwili. Mfano ni farasi wa Fjord kutoka magharibi mwa Norwei, mnyama mfupi, mwenye nguvu, mwenye rangi ya manjano-kahawia na mstari mweusi katikati ya manyoya ya shingo. Kama punda, amezoea kuishi kwa malisho haba. Wote wawili wakipewa nafaka au majani mabichi mengi hunenepa kupita kiasi, na unene huo huweza kuharibu kwato.

Usafi wa kila siku

Kwato husafishwa mara moja kwa siku, na tena baada ya kazi kwenye matope au mahali penye mawe madogo. Kifaa kinachohitajika ni chuma kifupi chenye ncha butu iliyopinda. Hatua zake ni hizi:

1. Mfunge punda kwa kamba fupi mahali tambarare na pakavu. Mwite au mguse begani kwanza ili asishtuke.
2. Simama ubavuni mwake ukiangalia mkiani. Usisimame nyuma yake.
3. Pitisha mkono kutoka begani au pajani kwenda chini mpaka juu ya ukwato, kisha uinue mguu taratibu. Usiuvute nje wala kuunyanyua juu sana, kwani hilo huumiza viungo, na mnyama atapiga mateke.
4. Toa uchafu kwa kuanzia kisigino kuelekea mbele. Ukivuta kuelekea kisigino unaweza kuchoma mto wa ukwato. Safisha vizuri mifereji miwili iliyo kandokando ya mto huo.
5. Angalia kama kuna jiwe, msumari, ufa au usaha. Nusa: ukwato mzima hauna harufu ya uozo. Gusa ukuta kwa kiganja: ukwato mmoja ukiwa na joto kuliko mingine, huenda kuna uvimbe ndani.

Punda aliyezoeshwa tangu mdogo hukubali kuinuliwa miguu bila shida. Methali isemayo shukrani ya punda ni mateke humsema mnyama huyu vibaya, lakini mara nyingi mateke hayo ni jibu la maumivu au woga.

Kupunguza kwato

Kwato hupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 10, kulingana na ardhi na kazi. Anayetembea juu ya mawe huhitaji kupunguzwa mara chache, na anayekaa kwenye mchanga au zizini huhitaji mara nyingi zaidi. Kazi hii hufanywa kwa koleo la kukatia, kisu cha kwato na tupa kubwa.

Kipimo rahisi ni kumtazama punda kutoka ubavuni akiwa amesimama sawasawa. Mstari wa mbele wa ukwato unapaswa kufuata mwelekeo ule ule wa sehemu ya mguu iliyo juu yake. Ncha ikiwa ndefu mno, mstari huvunjika, uzito hulalia kisigino na kano za nyuma ya mguu huvutwa.

Fundi hukata ukuta uliozidi, husawazisha visigino viwe na kimo kimoja, kisha hulainisha kingo kwa tupa. Wayo haukatwi mpaka ukawa mwembamba, na damu ikionekana maana yake amekata kupita kiasi. Kwato zilizoachwa mpaka zikajipinda kama kiatu chenye ncha ya juu hazirekebishwi siku moja. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa awamu kadhaa ili mifupa na kano zizoee.

Magonjwa ya kwato

Kuoza kwa mto wa ukwato huletwa na bakteria wanaoishi penye unyevu bila hewa. Dalili zake ni harufu mbaya na utando mweusi. Tiba huanza kwa kumhamishia mnyama mahali pakavu, kusafisha kila siku na kupaka dawa ya kuua vijidudu kama iodini. Oili chafu ya gari na maji ya betri, ambavyo baadhi ya wafugaji huvitumia, huunguza nyama na kuziba uchafu ndani.

Jipu la ndani hutokea uchafu unapopenya kwenye mstari mweupe au tundu la msumari. Punda huanza kuchechemea ghafla, pengine hataki kabisa kukanyaga. Daktari wa mifugo hutoboa njia ya usaha kutoka, kisha ukwato huloweshwa kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi na kufungwa.

Uvimbe wa tabaka za ndani, au laminitisi, huwapata hasa punda wanene na waliokula nafaka nyingi kwa mkupuo. Tabaka zinazoshikilia mfupa huvimba, na katika hali mbaya mfupa hushuka au kuzunguka ndani ya ukwato. Mnyama husimama akirudisha uzito nyuma, au hulala muda mrefu. Hili ni jambo la dharura.

Pepopunda ni hatari nyingine. Bakteria wake, Clostridium tetani, huishi katika udongo na katika kinyesi cha wanyama, na huingia kupitia majeraha ya kuchomwa. Punda na farasi huathirika kwa urahisi sana, na jina lenyewe la Kiswahili la ugonjwa huu limebeba neno punda. Msumari uliochoma ukwato ni sababu ya kumwita daktari siku hiyo hiyo, hata kama punda anatembea. Mtunzaji naye avae viatu na awe amechanjwa.

Chakula, maji na mizigo

Ukwato mzuri hujengwa na lishe ya kutosha. Punda huhitaji hasa majani makavu na mabua yenye nyuzinyuzi nyingi. Mwenye uzito wa kilo 150 hula takriban kilo 2 hadi 3 za chakula kikavu kwa siku, na zaidi kidogo anapofanya kazi nzito. Maji safi yawepo kila siku, lita 10 hadi 25 kulingana na joto na kazi. Mjini, punda wanaokula takataka humeza mifuko ya plastiki inayoziba utumbo. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019.

Wataalamu wengi hushauri mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa punda. Kwa punda wa kilo 150 hiyo ni kilo 50, yaani mfuko mmoja wa saruji. Madumu manne ya maji ya lita 20 yana kilo 80, kwa hiyo yamezidi. Uzito uliozidi hupasua kwato na huchosha kano hata kama mgongo hauna kidonda.

Hali katika Afrika ya Mashariki

Nchini Tanzania punda wanapatikana zaidi katika mikoa mikavu kama Dodoma, Singida, Arusha na Manyara. Kwa Wamaasai, wanawake ndio wanaowategemea zaidi kwa kuteka maji. Dar es Salaam punda ni wachache, na katika soko la Kariakoo mizigo husukumwa na watu kwa mikokoteni na maguta. Jina la Kariakoo lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi walitumiwa kwa wingi kwa sababu farasi, baghala na ng'ombe wa jeshi walikufa kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.

Kwenye pwani ya Kenya, mji wa Lamu unajulikana kwa punda wake. Vichochoro vya mji huo, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, ni vyembamba mno kwa magari, na punda hubeba mchanga, mawe ya matumbawe na bidhaa zinazoshushwa kutoka majahazini. Hapo punda hukanyaga mchanga laini na maji ya bahari, hali iliyo kinyume na ile ya mababu zake. Shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilifungua zahanati ya punda mjini humo mwaka 1987, inayowatibu bila malipo.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Punda wametishiwa pia na biashara ya ngozi, ambazo huchemshwa ili kupata dawa ya asili ya Kichina iitwayo ejiao. Mnamo Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Pale ambapo punda wamepungua, familia iliyompoteza mmoja hupata shida kununua mwingine, na hilo linaongeza thamani ya kumtunza aliyepo.

Tazama pia

Punda
Farasi
Baghala
Pepopunda
Nagana
Lamu
Kariakoo