Pingili Tano za Kiuno na Gharama ya Kusimama Wima

Ukitaka kujua jinsi nyani, sokwe au mtu anavyotembea, hesabu pingili za kiuno chake. Nyani wa savana ana 6 au 7, hivyo kiuno chake kirefu hujikunja na kujikunjua anapokimbia kwa miguu minne. Sokwe wa Gombe ana 3 au 4 tu, na ya mwisho imebanwa katikati ya mifupa mirefu ya nyonga. Mgongo huo mfupi na mgumu unamfaa kupanda miti na kuning'inia. Lakini akisimama kwa miguu miwili hawezi kujinyoosha sawasawa. Hubaki amekunja magoti, misuli ikibeba mzigo wote.

Binadamu ana 5. Shingo haikuguswa, wote watatu wana pingili 7. Kilichobadilika ni kiuno: kimebonyea kwa ndani juu ya nyonga fupi na pana, na uzito wa kiwiliwili umekaa juu ya miguu.

Faida yake imepimwa. Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani walichapisha vipimo vya oksijeni waliyotumia sokwe na watu wakitembea kwenye mashine. Mtu alitumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 75. Kwa kiumbe anayetafuta chakula mbali, hiyo ni akiba kubwa mno.

Akiba hiyo haikuanza jana. Nyayo za Laetoli, Tanzania, zilizoachwa na viumbe waliotembea kwa miguu miwili, zina miaka milioni 3.66. Kijana wa Turkana, binadamu wa kale ambaye mifupa yake iligunduliwa Kenya na Kamoya Kimeu mwaka 1984, aliishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Awali alihesabiwa pingili 6 za kiuno. Uchunguzi wa 2011 ukaonyesha ni 5, kama zetu.

Gharama nayo ipo. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa kiuno, na makadirio ya 2050 ni milioni 843. Wapo wanaosema mgongo wetu uliundwa vibaya. Sikubaliani nao. Mbonyeo wa kiuno cha mwanamke umeenea pingili 3, wa mwanamume 2, na ndio unaomwezesha mjamzito kurudisha uzito juu ya nyonga. Mgongo unaobeba mimba ukitembea haukuundwa vibaya.

Zaidi ya theluthi ya ulemavu utokanao na maumivu hayo inahusishwa na mazingira ya kazi, sigara na unene. Hayo yanapunguzika, na mahali pa kuanzia ni gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, mgongoni mwa mpagazi sokoni.